Mama Baridi, Fundi Aliyechoka Kusubiri Dereva (1961–2024)

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wauguzi mliotoka mbali tangu jana kuja kumsitiri dada yetu, poleni na safari. Mimi ninayesoma ni kitinda mimba wa nyumba yao marehemu, karani mstaafu wa shule. Kazi hii ya kuandika nilipewa na marehemu mwenyewe mwezi wa tatu mwaka huu, akiwa bado ana nguvu za kukaa kitini sebuleni. Aliniambia, "Usinipambe. Andika yaliyotokea, na ugonjwa uutaje kwa jina lake. Ukiandika kwamba niliugua kwa muda mfupi, nitaamka nikuulize." Kwa hiyo mtanivumilia pale maneno yatakapokuwa makali. Nimeyapunguza kadiri nilivyoweza.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, saa mbili asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya soko. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yetu alikuwa fundi saa, na meza yake ilikuwa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Mama yetu aliuza mboga. Waliomfahamu utotoni wanasema alikuwa mtoto mpole, ila kitu kimoja kilimshinda tangu akiwa na meno ya maziwa: kusubiri. Alipokuwa na umri wa miaka kumi, bomba la mtaa liliharibika likawa linatoa maji tone tone, na foleni ya ndoo ikafika hadi kwenye kona. Msimamizi wa bomba alisema fundi anakuja. Wiki ya kwanza fundi anakuja, wiki ya pili fundi anakuja. Siku ya kumi na sita dada yetu alichukua spana ya baba, akakata kipande cha mpira kwenye ndala yake, akafungua bomba, akakiweka ndani, akafunga. Maji yakatoka. Mtaa mzima ulimshangilia, kisha mama akamchapa, kwa sababu ndala zilikuwa mpya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza 1974, na sekondari alisoma kuanzia 1975 hadi 1978. Januari 1979 aliingia chuo cha ufundi kusomea majokofu na mitambo ya ubaridi. Darasani walikuwa wanafunzi thelathini na wawili, na mwanamke alikuwa peke yake. Mwalimu wa karakana alimwambia akae karibu na mlango, ili atakapoamua kuacha asisumbue wenzake kwa kupita. Alikaa pale miaka mitatu na nusu. Alisema palikuwa na upepo mzuri. Alihitimu Juni 1982 akiwa wa pili, na yule wa kwanza, Mungu amsamehe, alikuwa akinakili michoro yake.

Aliajiriwa tarehe 4 Oktoba 1982 katika karakana ya idara ya afya, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minane na miezi mitano. Kwa wasioijua, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Zahanati arobaini na sita zilikuwa na majokofu ya kutunzia chanjo, na mengi yalitumia mafuta ya taa, kwa kuwa umeme haukufika huko. Jokofu la namna hiyo lina utambi kama wa taa, na linadeka kuliko bi harusi. Utambi ukiwa mrefu linatoa moshi, ukiwa mfupi linapoteza baridi, na sakafu ikiinama kidogo tu halifanyi kazi kabisa. Chanjo ikikaa kwenye joto siku moja, basi, mtoto atachomwa sindano, mama atafurahi, na ndani ya sindano hakuna kitu. Dada yetu alikuwa ndiye fundi wa majokofu yote arobaini na sita. Fundi wa pili alikuwa kwenye orodha ya kuajiriwa. Alikuwemo kwenye orodha hiyo mwaka 1982, na hadi marehemu anastaafu bado alikuwemo.

Idara ilikuwa na madereva wake, na sheria ilikuwa kwamba fundi anakaa kiti cha abiria. Jumatatu tarehe 6 Februari 1989 ilifika barua kutoka zahanati ya mwisho, ile iliyo kilomita mia tatu na themanini kutoka karakana, kwamba jokofu limezima. Marehemu alifunga kisanduku chake cha vifaa siku hiyo hiyo. Dereva wa kwanza alikuwa likizo. Dereva wa pili alikuwa amempeleka mkuu wa idara kwenye mkutano. Aliporudi, gari lilikuwa linadai oili. Oili ilipopatikana, dereva alikuwa na msiba. Pikapu ya dizeli, nyeupe, yenye umri wa mwaka mmoja, ilikuwa imeegeshwa chini ya dirisha la karakana, na ufunguo wake ulikuwa unaning'inia kwenye msumari katika ofisi ya usafiri. Kila asubuhi dada yetu alikwenda kuutazama. Kila asubuhi afisa usafiri alimwambia, "Dada, subira yavuta heri."

Aliondoka Ijumaa tarehe 17, siku ya kumi na moja. Alipofika, chanjo yote ilikuwa imeharibika, na muuguzi wa zahanati alikuwa amewarudisha nyumbani akina mama wa wiki nzima. Jokofu lilichukua saa moja na nusu kutengenezwa. Chanjo mpya ilikuja mwezi wa nne. Surua ilikuja mwezi wa tatu. Watoto saba walifariki katika vitongoji vitatu vinavyohudumiwa na zahanati ile. Muuguzi yule yuko hapa nasi leo, amestaafu, amekaa safu ya pili. Ndiye aliyempa habari, na hakumlaumu hata kidogo. Marehemu aliniambia miaka mingi baadaye, "Angenitukana ingekuwa afadhali. Alinipa kiti, akanipa maji ya kunywa, akaanza kunisomea majina."

Mwezi Mei alijiandikisha shule ya udereva. Leseni aliipata Jumatatu tarehe 3 Julai 1989. Saa mbili asubuhi ya siku iliyofuata aliingia ofisi ya usafiri, akanyoosha mkono, akautoa ufunguo kwenye msumari.

"Dada, hilo gari lina dereva," afisa usafiri alisema.

"Ndiyo. Ndiye mimi."

"Kwa barua ya nani?"

"Barua inakuja," dada yetu akajibu. "Wewe subiri. Subira yavuta heri."

Alipewa onyo la maandishi mara mbili mwaka ule. Onyo la tatu halikuandikwa, kwa sababu katika miezi sita majokofu yaliyozima yalishuka kutoka kumi na tisa hadi manne, na mkuu wa idara alihitaji kuusomea mkutano takwimu hizo. Barua ya kumruhusu kuendesha ilifika mwaka 1992. Ilisema ruhusa ianze tarehe ya barua, kwa hiyo kiserikali ile miaka mitatu ya nyuma gari lilikuwa linajiendesha lenyewe.

Tangu hapo maisha yake yakawa barabarani. Aliendesha pikapu tatu kwa nyakati mbalimbali, zote za dizeli, na hakutaka kusikia habari ya petroli. Safari ya kawaida ilikuwa siku tisa: lami kilomita mia moja na kumi, changarawe mia moja na tisini, na zilizobaki ni njia ambayo kwenye ramani ilichorwa na mtu aliyekuwa na matumaini. Nyuma alibeba utambi, vioo vya taa, mapipa mawili ya dizeli, tairi mbili za akiba, jeki, koleo, mbao za kuwekea chini ya magurudumu kwenye tope, na chupa ya kioo ya jamu. Chupa ile ilikuwa ya kupimia dizeli. Kila kituo alichokuwa hakiamini, aliijaza kwanza, akaiweka juu ya boneti na kuitazama dakika tano. Kama kulikuwa na maji, yangejitenga na kukaa chini. Mwenye kituo alinung'unika, naye alimjibu kwamba injini haijui adabu, ukiinywesha maji itakuaibisha mbele za watu. Alijua kutoa hewa kwenye bomba za dizeli gizani kwa kupapasa tu. Alijua kusikiliza. Angesimama katikati ya nyika, azime injini, akwambie, "Feni belti hiyo, ina kilomita hamsini." Na kweli, ya hamsini na mbili ikakatika.

Wauguzi ndio waliompa jina la Mama Baridi. Katika jina hilo hapakuwa na dharau, ingawa wapo waliodhani linahusu tabia yake, na siku nyingine hawakukosea. Mwaka 1995 aliitwa kwa dharura kwenye zahanati iliyo kilomita mia mbili na themanini, jokofu halipozi. Aliendesha siku mbili kwenye mvua. Alipoingia alilitazama jokofu, akatoa pima maji mfukoni, akaiweka juu yake. Jokofu lilikuwa limeinama. Mfagiaji alikuwa amelisogeza ili apige deki, akalirudisha mguu mmoja ukiwa nje ya zulia. Dada yetu aliokota kipande cha ubao uani, akakisukuma chini ya mguu, akakaa chini sakafuni. Muuguzi akamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Kilomita mia mbili na themanini. Ubao." Kisha akaandika ukutani kwa kalamu ya rangi nyekundu: USILISOGEZE. Mwaka uliofuata walipaka ukuta rangi, na ili kupaka rangi, walilisogeza.

Siwezi kusoma wasifu huu bila kuutaja mto. Kilomita arobaini kabla ya zahanati ya mwisho kuna mto ambao daraja lake lilibebwa na mafuriko mwaka 1994. Marehemu aliandika barua kuomba daraja. Nakala zote tunazo, ni kumi na moja, ya kwanza ya Mei 1994 na ya mwisho ya Septemba 2019. Majibu yalikuwa manne, na matatu kati ya hayo yanasema suala lake linashughulikiwa. Mwaka 2003 alikuja mhandisi. Dada yetu ndiye aliyembeba kwenye pikapu, kwa kuwa gari la mhandisi lilikuwa bovu. Alipima siku nzima, akapigilia vigingi kumi na viwili vyenye rangi nyekundu, akaondoka. Wafugaji walivitazama vigingi kwa heshima miaka miwili, kisha wakavifungia mbuzi. Mwaka 2011 daraja lilijengwa kweli, zuri, la zege, kwenye mto mwingine, mita mia tatu kutoka daraja jingine lililokuwepo tayari.

Januari 1998 mvua zilikuwa kubwa. Alifika mtoni Jumanne tarehe 13 akiwa na makasha mawili ya baridi yenye chanjo ya watoto mia nne, na barafu ya siku tano. Maji yalikuwa kifuani mwa mtu mrefu, na yanakwenda kwa kasi. Ng'ambo alisimama yule muuguzi wetu, ambaye alikuwa ametembea kilomita kumi kutoka kituo cha lori kuja kumpokea. Walikaa hivyo, huyu upande huu na yule upande ule, siku tatu, wakiongea kwa kupiga kelele. Muuguzi anasema hapo ndipo alipojua habari zote za familia yetu, ikiwemo ya kwangu mimi kukataliwa posa, ambayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote isipokuwa dada.

Kila baada ya saa sita alifungua makasha kwa kufumba na kufumbua, akatazama kipimajoto, akafunga. Alihamisha turubai kufuata kivuli. Ijumaa asubuhi barafu ilibaki vipande vinavyoenea kwenye kiganja. Maji yalikuwa yameshuka hadi kiunoni. Upande huu palikuwa na abiria kumi na mmoja wa lori lililokwama, watu wasiojuana. Dada yetu alisimama juu ya bodi ya pikapu akawaambia, "Sina cha kuwapa. Nina chanjo ya watoto wa ng'ambo, na kufika saa kumi leo itakuwa maji matupu. Anayeweza kusimama mtoni aje." Waliingia tisa. Wawili walibaki kushika kamba. Walijipanga mstari, wakapitisha makasha mkono kwa mkono, juu ya vichwa, mpaka kwa muuguzi, aliyekuwa ndani ya maji hadi mbavuni akilia na kucheka kwa pamoja.

Idara ilimpa cheti kwa tukio hilo. Siku ya kukabidhiwa, mkuu alisema maneno mengi juu ya moyo wa kujitolea. Marehemu alipopewa nafasi ya kushukuru alisema maneno manne: "Ahsanteni. Msinisifu. Jengeni daraja." Aliketi. Nimeangalia wiki hii. Mto ule hadi leo hauna daraja.

Kuhusu ndoa. Jumamosi tarehe 8 Desemba 1990 marehemu alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, mtu mwenye maneno machache na mkono mzuri wa kukata suti. Mungu ana mizaha yake. Alimpa mwanamke aliyeishi ndani ya gari mume asiyeweza kukaa garini. Shemeji akipanda chombo chochote cha magurudumu, baada ya kilomita thelathini tumbo linamgeuka. Walipokwenda kujitambulisha kwa wazazi wake shemeji, mwendo wa kilomita sitini tu, dada alisimamisha pikapu mara sita. Mara ya sita alimshika shati kwa nyuma asianguke mtaroni, akasema, "Jamani, mwanamume huyu nimemtoa wapi?" Shemeji, uso ukiwa umekwajuka, akajibu, "Nyumbani. Nirudishe." Hawakurudi. Waliishi pamoja miaka thelathini na mitatu na nusu. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1992 na mwana aliyezaliwa 1995, na ni shemeji aliyewaogesha, akawapeleka shule, akawapima homa, mke akiwa kilomita mia tatu. Wako waliomcheka. Marehemu alijua waliomcheka, na sare za shule za watoto wao alihakikisha haziruki foleni ya mumewe.

Lakini tuseme kweli, kama alivyoagiza. Watoto walimkosa. Binti yake alipofaulu kuingia chuo, mama alikuwa chini ya pikapu akifunga ekseli kwa waya. Mwana alipolazwa kwa malaria kali mwaka 2004, habari zilimfikia siku ya tano. Wamemsamehe, wameniambia niseme hivyo. Yeye mwenyewe aliwahi kuniambia, "Ningekuwa na mwenzangu wa kazi, mmoja tu, ningefika nusu ya siku zile." Yule fundi wa pili, wa kwenye orodha.

Alistaafu tarehe 9 Machi 2021. Idara ilipoiuza pikapu yake ya tatu kwa sababu ya uzee, aliinunua yeye, na akaendelea kwenda kwenye zahanati kila alipopigiwa simu, kwa kuwa nafasi yake haikuwa imejazwa.

Agosti 2022 alianza kutokwa na damu, umri ambao haikupasa. Alisema atakwenda kupima akirudi. Alirudi, akaondoka tena. Alikwenda Desemba, na Jumanne tarehe 17 Januari 2023 aliambiwa ni saratani ya shingo ya kizazi. Daktari alisema imechelewa kidogo, haijachelewa sana, inatibika kwa mionzi, na mionzi ianze mara moja. Miezi ile minne ya mwanzo ni ya kwake, na alikiri. Wiki zinazofuata si zake.

Hospitali yenye mashine ya mionzi iko kilomita mia nne na kumi kutoka nyumbani. Mimi nilimsindikiza. Aliendesha mwenyewe, na Jumatatu tarehe 6 Februari saa moja asubuhi tulikuwa mapokezi. Dada wa mapokezi alituambia mashine ni mbovu.

"Imeharibika nini?" marehemu akauliza.

"Mama, mimi si fundi. Fundi anasubiriwa."

Nilimwona dada yangu akifumba macho. Alikwenda kukaa kwenye benchi, na baadaye akamsimamisha kijana wa matengenezo aliyekuwa akipita na bisibisi mfukoni. Akamuuliza tena. Yule kijana, mstaarabu kabisa, akasema mashine yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni mtambo wa kuipoza.

"Kuipoza?" dada akasema. "Kwa maji?"

"Kwa maji, mama. Yanazunguka kwenye chombo kama jokofu kubwa. Yakipata moto, mashine inajizima."

Alisimama. Alimwambia yeye ni nani na amefanya kazi gani kwa miaka thelathini na minane. Akamwomba amfungulie mlango wa chumba cha mtambo, atazame tu kwa macho, mikono nyuma. Kijana alikwenda kwa mkubwa wake. Mkubwa akaja na faili. Alisema kuna mkataba, na mtu yeyote asiye wa mkataba akigusa, mkataba unavunjika. Dada akauliza wa mkataba anafika lini. Akajibiwa, wiki ijayo.

Tulikwenda mara nne, kila mara tumeitwa, kila mara kilomita mia nne na kumi kwenda na mia nne na kumi kurudi. Safari ya tatu yule kijana alitufuata mpaka maegesho, akainama dirishani kama anayeuliza njia. Alimweleza dada sauti inayotoka kwenye mtambo na muda unaochukua kabla ya kuzima. Marehemu alisikiliza hadi mwisho, akamuuliza maswali matatu, akasema, "Chujio limeziba, maji hayapiti. Mwanangu, ni kazi ya kabla ya chai."

"Na mimi ndivyo nilivyofikiri, mama," kijana akasema. "Lakini sina ruhusa."

Fundi wa mkataba alifika Jumanne tarehe 11 Aprili, wiki tisa tangu siku ile ya kwanza. Kijana alitupigia simu. Fundi yule alimaliza kazi kwa dakika arobaini.

Matibabu yalianza Jumatatu tarehe 17 Aprili 2023 na kumalizika mwishoni mwa Mei. Alipata nafuu, akanenepa kidogo, akaanza tena kugombana na watu wa vituo vya dizeli. Novemba ugonjwa ulirudi, na mara hii ulikuwa umetembea. Nilimuuliza daktari kama zile wiki tisa ndizo zilizomuua dada yangu. Alisema hakuna mtu anayeweza kujua. Naamini alisema kweli. Sijui niipeleke wapi kweli hiyo.

Ijumaa tarehe 3 Mei mwaka huu hospitalini walituambia twende nyumbani. Aling'ang'ania kuendesha. Aliendesha kilomita mia moja na themanini, kisha akasimama kando ya barabara, palipo na mnara wa simu na hakuna kingine, akavuta breki ya mkono na kuniambia, "Shika wewe." Mimi si dereva wa kujivunia. Tulibadilishana viti. Nilipoachia klachi, gari liliruka kama chura.

"Taratibu! Unakanyaga kama unaua nyoka."

"Ndiyo, dada."

"Gia ya nne. Ya nne! Husikii inavyokuomba?"

Alinifokea kilomita hamsini nzima, na sijawahi kufurahia kufokewa namna ile. Halafu alinyamaza. Nilimtazama, nikaona anatazama nje, jinsi abiria wanavyotazama, nyumba moja moja, mtu mmoja mmoja. Akasema, "Kumbe huku kuna miti." Njia ile alikuwa amepita mara ishirini.

Siku zake za mwisho alihudumiwa nyumbani na mumewe, binti yake, na huyu muuguzi wetu, aliyekuja na kulala kwenye kochi wiki tatu. Maumivu yalikuwa makali, na dawa ya maumivu ilipatikana siku moja, ikakosekana siku mbili. Asubuhi ya Jumatano tarehe 12 Juni alipigiwa simu kutoka zahanati moja. Mpigaji hakujua hali yake. Jokofu lilikuwa limezima. Binti yake alipokea, akaeleza, akakata. Marehemu alikuwa amesikia.

"Wamempeleka nani?" akauliza.

"Bado, mama."

"Bado," akasema. Alitikisa kichwa kwenye mto. Alisema, "Watu hawa," na hakumalizia. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Wapo ndugu walioniomba niandike kwamba aliondoka kwa utulivu, akiwa ameridhika. Nimekataa, na ninaomba radhi kwa waliotaka kufarijika kwa njia hiyo. Dada yetu hakuwa ameridhika. Alikufa akiwa na hasira, na hasira yake ilikuwa halali yake, aliifanyia kazi.

Marehemu ameacha mume, fundi cherehani, ambaye leo ametembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi hapa makaburini, binti, mwalimu wa hesabu, na mumewe, mwana, fundi umeme, wajukuu watatu, dada mkubwa, kaka mmoja, na mimi mdogo wake, mashemeji, mawifi, wapwa, na wauguzi wa zahanati arobaini na sita. Ametanguliwa na wazazi wetu na kaka yetu mkubwa, aliyefariki mwaka 2015. Anazikwa leo Jumamosi tarehe 15 Juni 2024, saa nane mchana.

Amani hakuipata barabarani, wala ofisini, wala kwenye benchi la hospitali, na wala kitandani kwake hakuipata. Ee Mungu, sisi tumeshindwa kumpa. Mpe wewe, na umpe leo, asisubiri. Apumzike.